Kutafuta Uso wa Motokaa Hadi Nairobi

Wengi wenu mnaijua ile motokaa ndogo yenye mgongo wa mviringo kama kobe, ambayo injini yake imekaa nyuma na mizigo huwekwa mbele. Ndiyo Volkswagen. Hapa kwetu Kibosho, mkoani Kilimanjaro, tunayo moja uani chini ya mparachichi. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1963. Marehemu baba aliinunua kwa mwalimu mmoja mwaka 1967, kwa fedha za kahawa za misimu miwili, na majirani walikuja kuitazama kama watu wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga.

Motokaa ile haikuwa ya baba peke yake. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mumewe alikuja kugonga dirisha letu. Baba hakuuliza habari za petroli, alivaa koti akatoka. Nawajua watu wazima wawili, wenye watoto wao sasa, waliozaliwa katika kiti cha nyuma kabla ya kufika hospitali. Ndiyo sababu baba alipofariki hatukuiuza, ijapokuwa wanunuzi wa chuma chakavu walikuja na mizani yao mara tatu.

Basi, mwaka jana binti wa dada yangu alichumbiwa huko Arusha, na harusi ikapangwa kuwa baada ya Pasaka. Mama ana miaka 86. Akasema: "Harusini nitakwenda, lakini nitakwenda na motokaa ya baba yenu." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Injini haikuwa na taabu kubwa. Inapozwa kwa hewa, haina maji ya kuvuja. Taabu ilikuwa usoni, katika fremu ya kioo cha mbele. Mpira unaokishika kioo ukizeeka hukauka na kupasuka. Maji ya mvua hupenya chini yake, yakashuka mpaka zile pembe mbili za chini, na humo yakatulia kwa kuwa hayana njia ya kutokea. Mwaka hata mwaka yanakula bati. Kwa nje utaona rangi imevimba kidogo tu, kama ngozi iliyounguzwa na chai. Kwa ndani bati limekwisha.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tumempa fundi mmoja kazi hiyo. Aliimaliza kwa siku mbili, ikang'aa, tukamsifu. Sasa nilipoigusa pembe ya kushoto kwa bisibisi, likaanguka bonge la puti kubwa kama andazi, na nyuma yake nikaona gazeti. Ndiyo, gazeti! Alikuwa amelikunja na kulishindilia tundunikwote, akapaka puti juu yake, akapiga rangi. Nililikunjua nikitumaini kupata walau habari za kusoma, nikakuta nusu ya tangazo la mbolea.

Msidhani fremu hiyo ni pambo. Inakishika kioo, inalibeba paa kwa mbele, na inaziunganisha nguzo za pande mbili. Ikioza, motokaa ikipita shimoni kioo huweza kupasuka, na ikipinduka paa litawalalia watu vichwani. Nisingethubutu kumpandisha mama humo.

Nikaenda Moshi mjini kwa fundi mwingine wa bodi, mtu mzima, asiyesema sana. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia: "Mzee, sitakudanganya. Pembe hii ina mikunjo mitatu, na kila mkunjo una mzunguko wake. Nikikunja bati jipya kwa nyundo, kioo hakitakaa. Tafuta motokaa ya namna hii iliyokufa kwa sababu nyingine, tuukate uso wake, tuje tuuunge hapa." Ulaya na Marekani wanauza vipande vipya vilivyopigwa viwandani kwa ajili ya motokaa za zamani, lakini nauli ya kuvileta ingemla ng'ombe mzima.

Akanipa onyo moja. Volkswagen hizi zinafanana machoni, lakini vioo vyake havifanani. Walivikuza kwa motokaa zilizoanza kutoka kiwandani Agosti 1957, kisha wakavikuza tena kwa zile zilizoanza kutoka Agosti 1964. Kwa hiyo uso wa motokaa ya mwaka 1963 sharti utoke kwenye motokaa ya kati ya miaka hiyo. Tukachukua boksi la karatasi ngumu, tukalikata sawasawa na kioo chetu. Boksi hilo ndilo lililokuwa ramani yangu.

Mtauliza, kwa nini Nairobi na si Dar es Salaam? Dar ni pwani, na hewa ya chumvi hula bati kuliko mvua. Nairobi iko juu, yapata mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Tena Kenya walizipenda motokaa hizi. Katika yale mashindano makubwa ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kuzipitia nchi zetu tatu, Volkswagen ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1954, na 1957, na 1962. Baba aliyajua majina ya madereva wale kama tunavyoyajua majina ya wachezaji wa mpira.

Nilipanda basi alfajiri pamoja na mdogo wangu. Kutoka Arusha mpaka mpakani Namanga ni kilometa 110 hivi. Ukishauacha Mlima Meru nyuma, migomba inakwisha, majani yanakuwa mafupi, na unaona mbuzi wengi kuliko watu. Mlima Longido unapita upande wa kuume. Namanga yenyewe imekaa chini ya mlima ambao Wamasai wanauita Oldonyo Orok, yaani mlima mweusi. Maofisa wa nchi mbili wanakaa katika jengo moja siku hizi, na hapo unagongewa mihuri yote bila kutangatanga. Kutoka hapo tukapita Kajiado, Isinya, Kitengela, vumbi jekundu na miti ya miiba. Huko Kajiado basi lilisimama kidogo tukanunua mahindi ya kuchoma. Naomba mlikumbuke jambo hili la mahindi.

Nairobi tulielekezwa Barabara ya Kirinyaga. Kirinyaga ni jina la Wakikuyu la Mlima Kenya, lakini watu wazima wangali wanaiita Grogan, kwa jina la yule Mwingereza Ewart Grogan aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo akamaliza mwaka 1900. Inapita kando ya Mto Nairobi, na maji ya mto huo siwezi kuyasifu. Lakini barabara hiyo, ndugu zangu! Pande zote mbili ni vyuma. Hapa milango imepangwa kama vitabu, pale taa za mbele zimetundikwa kama vitunguu, kule mtu amelala chini ya lori na miguu yake tu inaonekana, na muuza chai anairuka bila kumwaga hata tone. Kila mtu anagonga kitu. Kazi hizi Kenya wanaziita jua kali, kwa kuwa mafundi wengi walizianza bila paa, jua likiwachoma. Jina hilo sasa limekuwa la heshima. Nilimwona kijana amelichora kwa rangi kwenye sanduku lake la vyombo.

Huku shikamoo si desturi sana. Mdogo wangu aliwaamkia watu watano mfululizo, wakamtazama kwa huruma. Lakini nilipolitoa boksi langu kwenye gunia, wakakusanyika. Kila mmoja alijua mahali penye Volkswagen. Kijana mmoja akatupeleka uani kwake, akatuonyesha uso uliokwisha katwa, mzuri, hauna kutu. Nikaona safari imekwisha. Nikaliweka boksi juu yake, kumbe linaelea! Pande zote lilibaki nafasi. Ilikuwa motokaa ya mwaka 1968. Yule kijana akasema, "Mzee, tutajaza." Nikalikumbuka lile gazeti, nikamshukuru, nikaondoka.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Tulitazama nyuso sita. Nne zilikuwa kubwa mno. Mbili zilikuwa za miaka yetu, lakini pembe zake zilikuwa zimeoza kuliko zetu. Kuunga uozo na uozo kuna faida gani? Mdogo wangu alianza kuzihesabu fedha za nauli kwa sauti, kusudi nisikie.

Jioni tulikaa katika kibanda cha fundi mmoja aitengenezaye mipira ya vioo na vitasa vya milango, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alilipima boksi langu kwa viganja, akanyamaza, kisha akasema: "Hii naijua. Iko Kajiado, kwa mama mmoja mjane. Injini yake niliinunua mimi. Iligongwa nyuma na lori, mbele haikuguswa. Nchi ile ni kavu, kutu haipati chakula." Na alipotueleza nyumba yenyewe, ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale tulipokula mahindi!

Asubuhi akafuatana nasi, na msumeno wa chuma, na grenda ya betri, na drili, na mablanketi mawili.

Yule mama alitupokea vizuri, akatupa chai ya maziwa. Motokaa ilikuwa chini ya kibanda cha mabati, ya rangi ya samawati iliyopauka, na kuku alikuwa ametaga katika kiti cha dereva. Kadi yake ilisema mwaka 1961. Niliweka boksi langu juu ya kioo. Likakaa kama mfuniko juu ya sufuria yake. Nikapitisha kidole katika pembe zote mbili, bati likaitika kwa sauti ngumu.

Nikadhani kazi iliyobaki ni bei. Sivyo. Mama akaniuliza: "Unataka kuikata ili upate nini?" Nikamweleza habari za baba, na za wale waliozaliwa njiani, na za harusi. Akasikiliza huku akimfukuza kuku. Kisha akasema kwamba mumewe alikuwa mwalimu, na motokaa hii ilimfikisha katika shule ambazo magari mengine hayakufika. Watu wa chuma chakavu walimpa bei mara nyingi, akakataa, maana wangeiponda yote ikawa bonge. "Wewe unachukua uso tu?" Nikasema, uso tu. "Na utaendelea kutazama njia?" Sikuelewa upesi. Alikuwa na maana ya kile kioo. Nikasema ndiyo, utatazama njia. Akataka bei ya mbuzi wawili, na ahadi ya kupigiwa simu siku ya harusi. Sikuomba apunguze.

Sasa hapa nitakawia kidogo, maana yamkini yuko msomaji mwenye motokaa ya zamani. Nilidhani watakata pembe mbili zilizotakiwa na basi. Yule fundi mwenye miwani akakataa kabisa. Alikitoa kioo na mpira wake kwanza. Kisha akachora kwa chaki mbali sana na fremu: juu, kiganja kizima ndani ya paa, chini, mpaka lile bati lililo kati ya kioo na boneti, ubavuni, nguzo zote mbili. "Kata kubwa, utumie ndogo," alisema. "Ukikata mahali utakapounga, msumeno umekula kipimo chako, nawe hutakirudisha." Tena kabla ya kukata aliweka fito mbili za chuma kukingama fremu, akazifunga kwa bolti, ili isijikunje ikishaachana na mwili wake. Mahali ambapo kiwandani waliunganisha mabati kwa nukta za moto, hakuyapasua kwa patasi. Aliitafuta kila nukta, akaitoboa kwa drili, na mabati yakaachana yenyewe bila kupinda. Kazi hiyo ilichukua siku nzima. Mama mwenye motokaa aliweka kigoda akakaa akitazama, na fremu ilipotoka aliinuka akaingia ndani, akakaa humo mpaka tulipokuwa tunaondoka.

Tuliifunga kwa mablanketi, ikapandishwa juu ya basi. Namanga ofisa wa forodha akauliza, "Hiki ni kitu gani?" Mdogo wangu akajibu upesi, "Ni uso wa motokaa." Ofisa akafunua blanketi, akachungulia kupitia tundu la kioo, na sisi tukamwona yeye kwa upande wa pili. Akacheka. Nikamwonyesha hati ya mauzo, nikalipa nilichoandikiwa, nikapewa stakabadhi.

Moshi fundi wetu alikuwa tayari. Au niseme, alikuwa tayari kupita kiasi. Mwanafunzi wake alikwisha vuta waya wa mashine ya kuchomelea mpaka mbele ya motokaa. Nikamwuliza, "Tangi la petroli mmelitoa?" Wakatazamana. Ndugu zangu, katika Volkswagen hii tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na kioo. Cheche moja ingetosha. Fundi mwenyewe alimwachisha yule kijana vyombo, akakaa chini dakika kadhaa bila kusema neno. Kisha wakalitoa tangi wakaliweka mbali, wakaifungua na betri, ambayo imekaa chini ya kiti cha nyuma.

Walifunga vyuma kukingama nafasi za milango ili bodi isilegee, wakaikata ile fremu iliyooza. Katika uso tuliouleta walitumia nusu ya chini tu, na nguzo mpaka katikati. Kule juu kwetu kulikuwa kuzima. Waliujaribisha mahali pake mara nyingi, nadhani mara kumi, kila mara wakifunga milango na kukiweka kioo na mpira wake, wakiondoa chuma kidogo kwa tupa, wakirudisha tena. Ndipo wakachomelea. Hawakuvuta mstari mmoja mrefu. Bati ni jembamba, joto likizidi linajikunja kama jani la mgomba motoni. Wakapiga nukta moja kushoto, moja kulia, moja juu, wakangoja ipoe, wakarudi. Ilichukua siku mbili. Kisha wakasaga kwa grenda, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya mikunjo wakamimina nta iliyoyeyushwa na mafuta, kusudi maji yakija siku moja yasipate pa kushika. Puti ilitumika kidogo, kama siagi kwenye mkate, nami nilikuwapo. Mpira wa kioo ulikuwa mpya.

Sehemu moja niliomba isipakwe rangi ya kwetu. Kwa ndani, chini ya kioo upande wa abiria, ukiinama utaona kidole kimoja cha rangi ya samawati.

Kiwanda cha mwisho kilichozitengeneza Volkswagen hizi kilikuwa Puebla, nchini Mexico, na ya mwisho ilitoka tarehe 30 Julai 2003. Jumla zilitengenezwa 21,529,464. Nilimsomea mama hesabu hiyo. Akasema, "Mimi nataka hii moja."

Siku ya harusi tulitoka alfajiri, mama amekaa mbele na kitenge kipya. Baada ya Pasaka ni masika, mnajua wenyewe. Tulipokaribia Usa River mvua ikashuka kama inamiminwa kwa ndoo. Vifutio vilikuwa havitoshi, nikaenda polepole. Mama hakuitazama njia. Aliunyoosha mkono, akakipitisha kidole katika ile pembe ya kushoto niliyoisumbukia, akakitazama, kisha akainama kwake akakipitisha katika pembe ya kulia. Akajifuta kwenye kitenge kwa mazoea tu, maana kidole kilikuwa kikavu.

Arusha, kabla ya kuingia ukumbini, nilipiga simu Kajiado kama nilivyoahidi. Nilimweleza yule mama habari za bibi harusi na za safari. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama mvua ilinyesha njiani.

"Ilinyesha sana, mama."

"Na iliingia?"

"Haikuingia."

"Kwetu pia haikuingia kamwe," akasema.